Ini lenye mafuta: mwongozo kamili wa kulirudisha katika hali yake

Wengi huligundua tatizo hili kwa bahati. Umekwenda kupigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya figo au nyongo, na kwenye majibu kuna sentensi moja ya ziada: ini lina mafuta. Daktari ana foleni nje ya mlango. Anakwambia "punguza mafuta, fanya mazoezi", nawe unarudi nyumbani na maneno manne yasiyotosha.

Kinachofuata nimekisikia mara nyingi mno. Mtu anaacha kabisa mafuta ya kupikia, anachemsha kila kitu, lakini anaendelea na juisi ya boksi asubuhi na chai ya vijiko vitatu vya sukari mchana na jioni. Miezi sita ikipita picha inasoma vilevile, naye anakata tamaa akidhani ini lake limeshindikana. Halijashindikana. Alibana sehemu ambayo mafuta mengi hayakuwa yakipitia.

Mafuta hayo yametoka wapi

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na likiwa na afya huwa na mafuta kidogo sana. Huhesabiwa kuwa na tatizo pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokuwa zimebeba matone ya mafuta. Inakadiriwa kuwa takriban watu wazima watatu katika kila kumi duniani wako katika hali hiyo, na wengi wao hawana habari, kwa kuwa ini haliumi. Dalili zikiwepo huwa ni uchovu usio na sababu, au uzito fulani chini ya mbavu za kulia.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watafiti walifuatilia chanzo cha mafuta ndani ya maini ya wagonjwa. Takriban asilimia 59 yalitokana na mafuta yanayozunguka kwenye damu, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye akiba ya mwili. Asilimia 26 yalikuwa yametengenezwa na ini lenyewe, kazi inayofanywa kwa sukari na wanga uliozidi. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula yalikuwa asilimia 15 tu.

Tazama takwimu hizo vizuri, maana mpango wote uliomo humu umejengwa juu yake. Anayehitaji kushughulikiwa kwanza ni kitambi, wa pili ni sukari na wanga wa kupita kiasi, na mafuta ya kupikia yanakuja baada ya hao.

Anayewaunganisha ni insulini. Kwa kawaida homoni hii huziamuru seli za mafuta zishike akiba yake. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, amri hiyo haisikiki vizuri: mafuta yanavuja kwenda kwenye damu na kuishia kwenye ini. Kongosho nalo linajibu kwa kumwaga insulini zaidi, na insulini nyingi inalisukuma ini litengeneze mafuta mengine. Wafugaji wa bata bukini nchini Ufaransa wanalijua jambo hili kwa vitendo. Wanapotaka ini la ndege lijae mafuta, wanamshindilia mahindi. Warumi wa kale walitumia tini, tunda lenye sukari nyingi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 wataalamu walibadili jina la ugonjwa huu kutoka NAFLD, ambalo lilisema tu kwamba hautokani na pombe, na kuuita MASLD, jina linaloutaja moja kwa moja mvurugiko wa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Ukiona jina mojawapo kwenye karatasi yako, ni ugonjwa uleule kwa karibu wagonjwa wote.

Hatua ya kwanza: jua ini limefikia wapi

Usianze kubadili chakula kabla ya kulijua hili. Mafuta peke yake ni hatua ya mwanzo. Kwa baadhi ya watu yanaleta uvimbe wa seli, uvimbe unaacha makovu, na makovu yakijaa ini linakuwa gumu na kusinyaa, hali iitwayo sirosisi. Madaktari huyapanga makovu kuanzia F0, maana yake hakuna, hadi F4, ambayo ni sirosisi yenyewe. Wengi hawafiki huko. Lakini hatua ya makovu ndiyo inayoamua hatari yako kuliko wingi wa mafuta, na ultrasaundi ya kawaida haiwezi kukuonyesha makovu ya mwanzo.

Omba vipimo vya damu vinne: ALT na AST, ambavyo ni vimeng'enya vya ini, hesabu ya chembe sahani (chembe za kugandisha damu, "platelets"), na sukari ya muda mrefu, yaani HbA1c. Ongeza kolesteroli na trigliseridi. Hakikisha pia umepimwa homa ya ini B na C, kwa sababu virusi hivyo vinaweza kuwepo pamoja na mafuta na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Ukipata majibu, kuna hesabu iitwayo FIB-4 ambayo unaweza kuifanya mwenyewe. Zidisha umri wako kwa AST. Kando, zidisha chembe sahani (kwa maelfu) kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani ile namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta ALT. Kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Mtu wa miaka 48 mwenye AST 40, ALT 64 na chembe sahani 220 atapata 48 × 40 = 1,920; halafu 220 × 8 = 1,760; na 1,920 ÷ 1,760 ni karibu 1.09. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Kwa waliozidi miaka 65 mpaka huo hupandishwa hadi 2.0. Ikizidi 2.67 unahitaji kuonana na bingwa wa ini bila kuchelewa, na ikiwa katikati omba kipimo cha ugumu wa ini kiitwacho elastografia. Kipimo hicho hakina sindano wala maumivu. Matokeo chini ya kilopaskali 8 kwa kawaida ni habari njema.

Onyo moja: ALT ya kawaida haimaanishi kwamba ini ni salama. Wako watu wengi wenye makovu na ALT isiyo na kasoro. Fanya hesabu hata kama umeambiwa "damu iko sawa".

Hatua ya pili: weka lengo la uzito kwa asilimia

Hakuna dawa inayolingana na hili. Ukipunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wako, mafuta kwenye ini hupungua. Ukifika 7 hadi 10, uvimbe wa seli nao hutulia kwa wengi. Ukifika 10 au zaidi, hata makovu yanaweza kuanza kurudi nyuma. Kwa mwenye kilo 90, hiyo ni kilo 4.5 kwa lengo la kwanza, kilo 6.3 kwa la pili, na kilo 9 kwa la tatu.

Huhitaji kurudi kwenye uzito wa ujana wako. Kilo nne na nusu zinatosha kuanza kuonekana ndani ya ini, na ningetamani kila mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa sababu wengi hukimbia wakidhani wanadaiwa kilo thelathini.

Mwendo unaofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa nusu kilo, zile kilo 9 zitachukua wiki 18. Kushuka kwa kasi zaidi ya hapo, hasa kwa kushinda njaa, huongeza uwezekano wa mawe kwenye nyongo, na kushuka kwa kasi kubwa sana kunaweza kuliumiza ini zaidi.

Chukua pia futi ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa katikati ya mbavu ya mwisho na nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 anatafuta chini ya 85. Kipimo hiki kinawasaidia hasa wembamba wenye mafuta kwenye ini, ambao mizani haiwaambii kitu. Kwao hata kupungua asilimia 3 hadi 5 kunaleta nafuu.

Hatua ya tatu: vinywaji, kabla ya chakula

Ukiweza kubadili kitu kimoja tu mwezi huu, badili unachokunywa. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Glukosi hutumika na mwili mzima. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikija nyingi kwa mkupuo, ini huigeuza kuwa mafuta. Kinywaji ndicho kinachoileta kwa mkupuo, tena bila kukushibisha.

Kopo la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai karibu tisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 au vijiko sita. Kopo moja limeshavuka. Juisi haina unafuu, hata iliyokamuliwa nyumbani: glasi moja inabeba sukari ya matunda kadhaa huku nyuzinyuzi zikiwa zimebaki kwenye kichujio. Asali na sukari ya kahawia nazo, kwa ini, ni sukari.

Tunda zima ni jambo jingine. Unalitafuna, nyuzinyuzi zinaichelewesha sukari, na mara nyingi unatosheka na moja. Matunda mawili au matatu kwa siku hayana tatizo kwa wagonjwa wengi.

Kwa chai, punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya mwezi mmoja hivi, na anayeacha ghafla mara nyingi hurudi ghafla. Soda zenye vitamu visivyo na sukari zinaweza kuwa daraja la kuvukia, lakini maji ndiyo mwisho wa safari.

Kahawa ni kinywaji kinachostahili kusifiwa hapa. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanaokunywa vikombe viwili hadi vitatu au zaidi kwa siku wana makovu machache ya ini. Inywe bila sukari, na kama inakukosesha usingizi au moyo wako unadunda ovyo, usijilazimishe.

Hatua ya nne: panga sahani upya

Gawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga: za majani, bamia, biringanya, karoti, kabichi, chochote kisicho na wanga mwingi. Robo iwe protini: samaki, maharagwe, dengu, mayai, kuku asiye na ngozi. Robo inayobaki ndiyo nafasi ya wanga, na hapo chagua nafaka isiyokobolewa. Viazi na ndizi za kupika zihesabu kwenye robo hii, si kwenye mboga. Kosa hili nimeliona kwa watu makini kabisa.

Anza kula mboga na protini, umalizie na wanga. Utashiba mapema, na sukari ya damu itapanda taratibu zaidi.

Mafuta usiyaogope, yachague. Majaribio yameonyesha kwamba kwa nishati ileile, mafuta yanayoganda, kama siagi na mafuta ya nyama, hujaza ini kuliko mafuta ya maji yatokanayo na mimea. Mafuta ya zeituni, parachichi, karanga, lozi na samaki wa mafuta kama dagaa na jodari yana nafasi kwenye mlo wako. Ndiyo maana mlo unaopendekezwa zaidi na vyama vya madaktari wa ini ni ule wa watu wa pwani ya Mediterania, wenye mboga, mikunde, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi, na nyama nyekundu kwa uchache. Hauna siri ndani yake. Unaweza kuujenga popote palipo na maharagwe, mboga na samaki. Ila mafuta yoyote yana nishati nyingi, kwa hiyo yapime kwa kijiko, usiyamimine kutoka kwenye chupa.

Vyakula vya kupunguza hadi viwe vya nadra: soseji na nyama za makopo, vyakula vya kukaangwa ndani ya mafuta mengi, biskuti, keki, mkate mweupe.

Wengi huuliza kuhusu kufunga kwa saa, yaani kula ndani ya saa nane au kumi na kuacha hadi kesho yake. Kunasaidia pale kunapopunguza jumla ya unachokula. Ukifungua kwa mlo wa watu wawili hujafanya kitu. Kama mtindo huu unakurahisishia maisha, utumie. Kama unakufanya uwe mkali kwa watoto, achana nao, kuna njia nyingine.

Hatua ya tano: pombe

Kwa uainishaji wa kitabibu, mwanamke anayekunywa chini ya gramu 20 za kilevi kwa siku na mwanamume chini ya gramu 30 bado wanahesabiwa kwenye kundi la MASLD. Usiisome namba hiyo kama ruhusa. Ini lililokwisha kubeba mafuta huumizwa na pombe haraka zaidi, na kwa mwenye makovu makubwa jibu ni kuacha kabisa. Ushauri wangu kwa wengine ni huohuo. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache kwa siku moja peke yake. Mitetemeko na degedege vinaweza kufuata, hivyo aombe msaada wa hospitali.

Hatua ya sita: misuli ifanye kazi

Msuli unaofanya kazi huchukua glukosi kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Ndiyo sababu mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kwa mtu ambaye mizani yake haijasogea. Hilo liweke akilini wiki ile utakapopanda kwenye mizani na kukuta namba ileile.

Kiwango ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ni nusu saa kwa siku tano. Mazoezi makali, kama kukimbia, yanahesabika mara mbili, kwa hiyo dakika 75 zinatosha. Ongeza siku mbili za kukaza misuli. Huhitaji vyuma wala ukumbi: kaa kitini na kusimama mara 10, sukuma ukuta kwa mikono mara 10, panda ngazi, pumzika, rudia mara tatu.

Aliyekaa miaka bila kutembea aanze na dakika kumi baada ya kila mlo. Mwenye maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi aonane na daktari kwanza. Na hapa nisisitize jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: kinachowaua zaidi watu wenye mafuta kwenye ini ni magonjwa ya moyo na mishipa, si ini. Kila dakika ya kutembea inavilinda vyote viwili. Kwa sababu hiyohiyo, kama umeandikiwa dawa za kolesteroli za kundi la statini, usiziache kwa hofu ya ini. Ni salama kwa mwenye mafuta kwenye ini na moyo wako unazihitaji. Sigara nayo iache.

Usingizi upewe saa saba au zaidi. Anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usiku apimwe, kwani tatizo hilo huambatana mara kwa mara na mafuta kwenye ini.

Dawa za "kusafisha ini"

Ini halina uchafu unaosubiri kuoshwa. Maji ya limao hayayeyushi mafuta yake. Ni kinywaji kizuri na hakina zaidi ya hapo. Kinachonitia wasiwasi ni vidonge na mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana kilichomo. Baadhi ya bidhaa hizo zimewaharibu watu ini lenyewe walilotaka kuliokoa, na hata dondoo kali la chai ya kijani katika vidonge limehusishwa na madhara ya aina hiyo, ingawa chai ya kikombe haina shida.

Dawa halisi zimeanza kupatikana. Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetiromu, na Agosti 2025 semaglutidi, zote kwa wagonjwa wenye uvimbe wa ini na makovu ya kati hadi makubwa ambayo hayajafika sirosisi, na zote zinatumika pamoja na chakula na mazoezi. Vitamini E kwa dozi kubwa hupewa baadhi ya wagonjwa kwa uamuzi wa daktari, usijinunulie.

Wasioweza kuufuata mpango huu peke yao

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, akipunguza wanga bila kupunguziwa dozi, anaweza kuishiwa sukari na kuzimia. Aanze baada ya kuzungumza na daktari wake. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Mwenye sirosisi ana mahitaji yaliyo kinyume na mengi niliyoandika: anahitaji protini ya kutosha na kitu cha kula kabla ya kulala, kwa sababu mwili wake huanza kula misuli usiku. Na anayetumia dawa zinazoweza kuongeza mafuta kwenye ini, kama steroidi, tamoksifeni, amiodaroni au valproati, aulize kama kuna mbadala, bila kuacha mwenyewe.

Kurudi kupima

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, na kiuno mara moja kwa mwezi. ALT na AST rudia baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa wengi namba hizi ndizo za kwanza kushuka. Usiharakie ultrasaundi, kwa kuwa mafuta yakiwa kidogo picha hiyo haiyaoni vizuri wala haipimi mabadiliko madogo. FIB-4 ikiwa chini, irudie kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na kila mwaka kama una kisukari. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini A na B.

Usisubiri miadi ukiona macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji au miguu imevimba, umetapika damu, choo kimekuwa cheusi kama lami, au nyumbani wanasema unachanganya maneno na kulala mchana kutwa. Siku hiyohiyo nenda hospitali, na ubebe karatasi ya vipimo vyako vya kwanza pamoja na dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba.